MJADALA: Je, ni sawa kuotesha maabarani seli shina za kondo la nyuma la binadamu?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa hoja, bila kurushiana maneno.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walitangaza kuwa wamefaulu kuotesha seli shina za kondo la binadamu, yaani seli changa zinazojigawa na kuzaa seli nyingine za kondo, zile zinazoitwa trofoblasti. Za panya zilikuwa zimeoteshwa tangu 1998. Zile za binadamu zilichelewa miaka 20 kwa sababu kichocheo kinachokuza seli za panya hakizifai kabisa za kwetu. Kwamba kazi hii inawezekana hakuna anayebisha tena. Ubishi uko kwenye chimbuko. Seli hizo hutolewa kwenye viinitete vya siku chache vilivyobaki baada ya matibabu ya uzazi, au kwenye kondo changa la miezi mitatu ya kwanza, na kondo hilo mara nyingi hupatikana mimba inapotolewa kwa hiari.

Msimamo wangu nautaja mapema: utafiti huu uruhusiwe, lakini ridhaa ya mama ipewe uzito mkubwa kuliko karatasi ya kusaini.

Sababu ya kuuruhusu ni nzito. Wiki za mwanzo za mimba, seli za kondo hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa ya damu ya mama. Zisipopenya vya kutosha, damu inayomfikia mtoto hupungua, na baadaye shinikizo la damu la mama hupanda, protini huonekana kwenye mkojo, na hali ikizidi anapatwa na kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tatizo hili huua takriban wanawake 46,000 kila mwaka, pamoja na watoto wapatao 500,000, walio tumboni au waliozaliwa karibuni. Hadi leo kinachoukomesha ugonjwa ni kumzalisha mama ili kondo litoke, hata kama mtoto hajakomaa. Dalili hujitokeza baada ya wiki ya 20, ilhali kasoro ilianza miezi kadhaa nyuma, wakati ambao hakuna daktari anayeweza kuchukua sampuli bila kuihatarisha mimba yenyewe.

Wanaosema tutumie panya wajue kwamba seli za kondo lake hazipenyi kwa kina kama zetu. Hata ile homoni inayosomwa na kipimo cha mimba panya hana. Vijikondo vidogo vya binadamu vilivyooteshwa Cambridge, Uingereza, mwaka huohuo wa 2018 viliitoa kwa wingi, kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha mimba kilisoma kuwa ipo!

Sasa hoja ya wapinzani ninayoiheshimu zaidi: ukinufaika na mimba iliyotolewa, umeshiriki kuitoa. Sikubaliani nayo. Tunapokea figo ya mtu aliyeuawa bila kuubariki uuaji. Ila hoja hiyo inatudai ukuta imara kati ya uamuzi wa mama na tamaa ya mtafiti. Uingereza, kamati ya serikali iliyoongozwa na John Polkinghorne ilipendekeza ukuta huo mwaka 1989: uamuzi wa kutoa mimba utengwe kabisa na suala la utafiti. Kwangu maana yake ni kwamba mama aulizwe akiwa ameshaamua, aulizwe na mtu asiyehusika na matibabu yake, asilipwe, na tarehe au njia ya kumhudumia isibadilishwe ili maabara ipate sampuli nzuri.

Hata hapo bado sijaridhika. Mama anaombwa saini katika saa ngumu, kisha seli zile huishi kwenye majokofu kwa miongo, zikisafirishwa kutoka maabara hadi maabara. Isitoshe, kondo si mwili wake peke yake: seli hizi zina urithi (DNA) wa kijusi, nusu wa mama na nusu wa baba, na siku hizi urithi wote unasomeka. Seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani nchini Marekani, zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila yeye kuulizwa, na familia yake iliishi miaka mingi pasipo kujua kuwa zinatumika dunia nzima. Mama wa leo aambiwe waziwazi kwamba seli zinaweza kuuzwa, urithi wake utasomwa, na kuna siku ambayo ikishapita hawezi tena kuzirudisha.

Wengine wanapendekeza tuziache hizi na kutumia seli za ngozi ya mtu mzima zilizorudishwa maabarani kwenye hali ya uchanga kisha zikageuzwa kuwa trofoblasti, njia iliyopiga hatua kubwa kuanzia 2020. Naipenda njia hiyo na naamini itapunguza uhitaji. Lakini utajuaje kuwa ulichokipata ni trofoblasti kweli? Utailinganisha na iliyotoka kwenye kondo halisi.

Kuna jambo moja ambalo nasimama na wapinzani. Trofoblasti peke yake haiwezi kuwa mtoto. Ikichanganywa na seli shina za kiinitete, hujipanga na kufanana na kiinitete; ilifanyika kwa panya mwaka 2018, na 2021 maabara kadhaa ziliunda vya binadamu kwa njia zinazokaribiana na hiyo. Miongozo ya kimataifa ya mwaka huo inakataza kuviweka tumboni. Sawa, lakini mama aliyekubali kondo lichunguzwe hajakubali seli zake ziundiwe kitu kinachofanana na kiinitete. Aulizwe upya, kwa swali lake lenyewe.

(Wale wanaouza sindano za “seli shina za kondo” kutibu kila ugonjwa tuwaweke kando. Kwa kawaida zao hutoka kwenye kondo la baada ya kujifungua, na ni seli za aina nyingine.)

Nataka kusikia kwenu. Baba naye aulizwe, au kura ya mama inatosha? Mama akibadili mawazo wakati seli zimeshasambazwa, maabara ifanye nini? Na mnaopinga kabisa, mngekubali kondo la mimba iliyoharibika yenyewe, mkijua kwamba karibu nusu ya mimba hizo huwa na kasoro za kromosomu na hivyo hazitoi picha ya kondo lenye afya?