Nimepata nafasi ya famasia, msaada wa masomo umeishia njiani: nikope, nijifunge kwa mwajiri, au nisubiri mwaka?

Mbegu_Njema (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kufikiri, maana nimefikiri peke yangu mpaka usingizi umenikimbia.

Nimepata nafasi ya kusomea famasia, miaka minne. Barua ya msaada ilifika juzi. Nilianza kuisoma kutoka juu: pongezi, ruzuku, mkopo wa masharti nafuu. Chini kabisa kuna mstari mmoja, "kiasi kilichobaki", na hicho kilichobaki ni karibu nusu ya gharama za mwaka mzima. Wazazi wameniambia ukweli wao bila kuzunguka: hawana.

Nina njia tatu. Kwanza, mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 8, na mjomba amekubali kunidhamini. Pili, kampuni yenye maduka ya dawa iko tayari kuziba pengo lote, kisha niitumikie miaka minne baada ya kupata leseni. Tatu, niahirishe nafasi mwaka mmoja, nifanye kazi ya msaidizi famasi na kuweka akiba. Mngekuwa mimi, mngeshika ipi?

Hesabu_Kwanza

Hongera kwa nafasi, mdogo wangu. Kabla hujachagua, tuitazame hiyo asilimia 8, kwa sababu ikiwa kwenye karatasi inaonekana ndogo.

Chukua kila 100 unayokopa mwaka wa kwanza. Usipolipa chochote ukiwa masomoni, na riba ikiongezwa juu ya deni kila mwaka, miaka minne baadaye hiyo 100 imekuwa 136. Hapo hujaanza kulipa. Ukiilipa hiyo 136 kwa miaka 10, kila mwezi kiasi kilekile, jumla utakuwa umetoa kama 198. Yaani karibu mara mbili.

Sasa chukua 100 unayokopa mwanzoni mwa mwaka wa nne. Ukimaliza chuo ni 108, na ukiilipa kwa miaka 10 hiyohiyo unatoa kama 157. Pesa ni ileile, benki ni ileile, riba ni ileile. Kilichobadilika ni umeichukua lini.

Kwa hiyo mimi sikuambii usikope. Nakuambia usianze na mkopo kama kuna senti nyingine ya kuanza nayo.

Dirisha_la_Dawa

Naunga mkono, na nina sababu nyingine ambayo haimo kwenye riba.

Mimi nilianza famasia nikiwa na pesa ya mwaka wa kwanza na wa pili tu. Nilijiambia mbele kutajulikana. Miaka hiyo miwili nilikuwa nafanya kazi jioni kwenye famasi: trei ya kuhesabia, kijiko bapa, vidonge vitanovitano, mpaka vidole vikazoea kuliko macho. Ilinilipia chakula na vitabu, na somo la majina ya dawa likawa jepesi kwangu kwa sababu makopo yenyewe nilikuwa nayashika kila siku.

Mwaka wa mwisho ndio ulionikamata. Mwaka ule si wa darasani. Unapelekwa mafunzo kwa vitendo, wiki kadhaa hospitali, wiki kadhaa famasi ya mtaani, asubuhi mpaka jioni, mara nyingi bila malipo, na kituo kinaweza kuwa mbali na unapoishi. Kazi ya jioni ikafa. Nauli na pango vikaongezeka. Halafu nyuma yake kuna ada ya mtihani wa leseni na ada ya usajili, ambazo barua yangu ya msaada haikuzitaja hata kwa neno moja. Nilisimama masomo miezi 8. Wenzangu walipokuwa wanaapishwa mimi nilikuwa naomba kurudishwa darasani.

Nakuomba sana mdogo wangu, piga hesabu ukianzia mwaka wa nne kurudi nyuma. Pesa ya mwaka usioweza kufanya kazi ndiyo itafutwe kwanza. Miaka ya mwanzo mtu anaweza kujibana.

Mfungwa_Huru

Nimelipiwa na mwajiri, nimetumikia, nimemaliza. Kwa hiyo nizungumzie njia ya pili.

Sijutii. Nilitoka chuoni bila deni, na kazi ilikuwa inanisubiri. Ila darasani kwetu tulikuwa wawili tuliosaini mkataba na kampuni ileile, na mwenzangu alirudia mwaka mmoja. Kumbe kulikuwa na kifungu kinachosema mwanafunzi akirudia mwaka, ufadhili unasimama na kilichokwishalipwa kinageuka deni, pamoja na riba. Wote wawili tulisaini siku ile moja. Hakuna aliyekuwa amekisoma kile kifungu.

Uliza haya, na ujibiwe kwa maandishi:

Nikifeli somo moja au nikirudia mwaka, nini kinatokea? Leseni ikichelewa, miaka yangu ya kutumikia inaanza kuhesabiwa lini? Mshahara wa kipindi hicho ni wa mfamasia kamili au wa mkataba? Nani anachagua kituo? Nikitaka kuondoka katikati, nalipa kiasi cha miaka iliyobaki tu au nalipa chote tangu mwanzo? Na kampuni ikiuzwa au ikifunga matawi, mimi nimefungwa kwa nani?

Hilo la kuondoka katikati ndilo linalotofautisha mkataba mzuri na mbaya. Kama deni linapungua kila mwaka unaotumikia, unaweza kupumua. Kama linabaki lote mpaka siku ya mwisho, fikiria mara mbili.

Bi_Nasra

Wote mmerukia kukopa na kusaini. Je, rufaa? Ofisi ya msaada mara nyingi inaangalia kipato cha nyuma. Kama nyumbani kumebadilika kitu tangu hapo, ugonjwa, msiba, mtu kupunguzwa kazini, waandikie na uambatishe ushahidi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Usilalamike, onyesha tarakimu za kabla na za sasa. Na uulize kama chuo kina mfuko wa dharura, au ufadhili wa idara ya famasia yenyewe ambao haupitii ofisi kuu.

Mbegu_Njema

Bi Nasra, shikamoo. Baba alipunguziwa saa za kazi miezi 5 iliyopita na fomu tulijaza kabla ya hapo. Sikujua kama linaweza kusemwa. Nashukuru sana.

Mkuu Dirisha, pole kwa yaliyokupata. Nimeisoma mara tatu.

Bi_Nasra

Marahaba mwanangu. Iandike leo.

Nyota_ya_Jioni

Kuhusu kusubiri mwaka. Watu wanasema haigharimu kitu. Inagharimu. Ukianza mwaka mmoja baadaye, unaanza kupokea mshahara wa mfamasia mwaka mmoja baadaye, kwa hiyo akiba ya msaidizi uipime na mshahara huo unaousogeza. Pia uliza kama ruzuku yako inasubiri pamoja na nafasi. Mara nyingine nafasi inatunzwa lakini msaada unaombwa upya, na hakuna anayekuahidi kwamba utarudi vilevile.

Kwa upande mwingine, baadhi ya vyuo vinamsamehe baadhi ya masomo mwenye stashahada ya famasia. Kama una mpango wa kusubiri, uliza kama muda huo unaweza kukupa kitu cha namna hiyo kuliko mshahara peke yake.

Karani_Mstaafu

Ndugu Hesabu, nakupinga kidogo. Nilifanya kazi ya mikopo miaka mingi. Kumwambia mtoto aache kukopa mpaka mwaka wa nne ni kumwamini mkopeshaji atakayekuwepo siku hiyo. Riba inaweza kupanda. Mjomba anaweza kustaafu, na mdhamini asiye na mshahara benki inaweza kumkataa.

Halafu jamani, tumwangalie huyo mjomba. Kudhamini si kutia sahihi ya heshima. Kijana akishindwa, benki inabisha hodi kwa mjomba. Akae naye, amwonyeshe kiasi cha kila mwezi, na waulize benki kama mdhamini anaweza kuondolewa baada ya malipo ya muda fulani. Benki nyingine zinaruhusu.

Hesabu_Kwanza

Mzee wangu, nakubali, hapo umeniongoza vizuri. Basi nirekebishe: aombe sasa benki imkubalie mkopo wa miaka yote, lakini pesa itoke kwa awamu, kila mwaka kiasi kinachohitajika tu. Riba ihesabiwe juu ya kilichotoka. Kama benki haina utaratibu huo, ajaribu nyingine. Na akiweza kulipa ile riba tu akiwa masomoni, 8 kwa mwaka kwa kila 100, basi jumla inashuka kutoka 198 hadi kama 178. Kazi ya jioni inaweza kubeba hiyo.

Na riba iwe isiyobadilika. Ile inayopanda na kushuka, kwa deni la miaka 14, mimi nisingeigusa.

Mbegu_Njema

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi moyoni.

Rufaa nimeipeleka, nikaambatisha hati za mshahara za baba, tatu za zamani na tatu za sasa. Wamesema watajibu ndani ya mwezi. Kampuni nimeiandikia maswali yote ya Mfungwa. Wamejibu manne. La kurudia mwaka na la kuondoka katikati wamesema "tutazungumza ukifika". Nimewajibu kwamba sitasaini kabla ya kuyaona kwenye mkataba.

Kusubiri nimekuacha, kwa sababu chuo kimeniambia ruzuku haisubiri.

Jana nilikaa na mjomba. Nilimwonyesha kiasi cha mwezi kikiwa kimeandikwa kwa kalamu, na cha miaka 10 chini yake. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza mwaka wa nne nitalala wapi. Sikuwa na jibu. Tukaanza kuandika kuanzia hapo.