Tupeane uzoefu: togwa, uji mchachu na vidonda vya tumbo

Mjukuu wa Kihesa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Bibi yangu kule Iringa, mtu akilalamika tumbo humpa togwa (uji wa nafaka uliochachushwa) kwanza, maswali baadaye. Sasa hapa Dar naona unga wa mbegu "zilizochachushwa" unauzwa kwenye vikopo kwa maelezo kwamba unaondoa vidonda vya tumbo, uvimbe wa viungo, presha, mpaka nguvu za kiume. Dawa moja ya kila kitu hainiingii akilini. Aliyetumia mwenyewe aseme alitumia nini na kipimo kilisemaje. Wale wa "jirani yangu alipona" tunaomba wapumzike kidogo.

Dereva wa Mbagala
Mkuu, mimi maumivu yalikuwa yananiamsha saa nane usiku, nikila kitu yanapoa. Nikaanza togwa ya ulezi kabla ya kulala. Ilinituliza kweli, siwezi kuikana. Ila nikilala bila togwa, yaleyale. Kupima choo wakakuta bakteria aitwaye H. pylori. Nikapewa omeprazoli ya kupunguza asidi, na antibiotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, wiki mbili, mdomo mchungu kama nimelamba sarafu. Yale ya usiku yalikoma hapo. Togwa bado nakunywa, lakini kama chakula.

Bint Makadara
Sie huku Mombasa mambo yetu ni mbegu za uwatu. Wauroweka usiku, asubuhi una ute mzito unaovutika, wapigwa mpaka utoe povu. Wengine huuacha uchache kidogo. Mimi wanipoza kiungulia. Lakini nitahadharishe: mamangu mkwe ana sukari, akawa anywa uwatu mwingi pamoja na vidonge vyake, sukari ikashuka akawa atoka jasho na kutetemeka. Na mwenye mimba asijaribu kuufanya dawa.

Nesi wa Zamu
Ngojeni niwaeleze kidogo, halafu muendelee. Vidonda vingi havisababishwi na mawazo wala pilipili. Kuna njia kuu mbili: bakteria H. pylori, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio waliomfichua huyo bakteria. Marshall alifikia kumnywa mwenyewe mwaka 1984 ili watu waamini, akaugua tumbo kweli, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa togwa. Inapochacha, bakteria wa asidi ya laktiki huila sukari ya nafaka na kuifanya kali, ndiyo maana vijidudu vingi vya kuharisha haviipendi. Kwenye maabara, baadhi ya bakteria hao humdhoofisha H. pylori, na kwa wagonjwa wanaomeza antibiotiki huweza kupunguza kuharisha. Kumfukuza peke yao? Hapana. Na mengi yanayosemwa kuhusu mbegu zilizochacha na uvimbe wa mwili yametoka kwa panya. Panya si wewe.

Wa Murang'a
Mimi ni tofauti na nyinyi. Uji wa wimbi na mtama ukikaa siku tatu ukachacha sawasawa, nikiunywa kifua chawaka hadi kooni. Daktari aliniambia yangu ni asidi kupanda, si kidonda. Nikiunywa siku ya kwanza, bado mtamu, hakuna shida. Kwa hivyo msipeane vikombe kabla hamjajua mtu anaumwa nini.

Kijana wa Makambako
Naongezea. Mzee wangu ana magoti yamevimba, alikuwa anameza diklofenaki za dukani kila siku, tena bila kula. Tumbo likianza kumkwangua anashushia na unga huo wa kikopo anaoutaja mleta mada. Dawa moja inachimba, nyingine inafukia, ndivyo alivyofikiri. Siku moja choo kikatoka cheusi tii, kinanata, kinanuka vibaya. Tukamkimbiza, kumbe anavuja damu ndani. Akaongezewa damu. Sasa magoti anakanda na kufanya mazoezi, na dawa anapewa kwa cheti tu.

Nesi wa Zamu
Pole kwa mzee. Choo cheusi cha namna hiyo, kutapika damu, au kukonda bila sababu: nendeni hospitali saa hiyohiyo. Na anayekwenda kupima H. pylori kwa choo au pumzi aulize kwanza kuhusu kuacha omeprazoli. Kwa kawaida ni wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne, la sivyo kipimo kinaweza kusema hayupo wakati yupo.

Mjukuu wa Kihesa
Shukrani wakuu. Vya vikopo nimevipa kisogo. Ila kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa na kusagwa) cha kutilia togwa hapa mjini sikipati, nani anajua kutengeneza?

Kijana wa Makambako
Nunua ulezi mzima, osha, roweka usiku mmoja, mwaga maji. Tandaza, funika kwa kitambaa kibichi mpaka uote vimizizi, anika ukauke kabisa, saga. Ukiona ukungu, tupa wote. Pika uji mzito, uache upoe hadi uvuguvugu, tia kimea, koroga. Utaona uji uliokuwa unashikilia mwiko unalegea hapohapo na kuwa mwepesi. Funika. Kesho yake ni togwa. Ukiuacha sana unaanza kuwa pombe, na hiyo tumbo lenye kidonda haiitaki.