Fundi aliniambia "Linux haina D". Siku ya nne ndipo nikajua D yangu ameifuta

Wakuu, salaam. Hii hasira nimeibeba wiki mbili, na leo asubuhi mteja mmoja kaitonesha tena, kwa hiyo mnivumilie.

Nina steshenari ndogo huku Mbagala. Mashine ni moja, ya mezani, mtumba: Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Na printa moja. Diski ilikuwa imegawanywa kama za wengi wenu, C ina Windows 10, D ina kazi zangu. Kazi za miaka sita. CV za nusu ya mtaa, mitihani ya shule mbili za jirani, katiba za vikoba, mikataba ya pango, hati za mauziano ya viwanja, kadi za michango ya harusi. Mteja wa steshenari haji na faili, anakuja na kauli: "Dada, ile CV yangu ya mwaka jana, badilisha namba ya simu tu." Faili linakaa kwangu. Ndiyo maana anarudi kwangu na si kwa jirani.

Sasa kwa nini nilijitafutia balaa? Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Mashine yangu haifiki hata nusu ya njia. Na tusidanganyane, hiyo Windows 10 yenyewe ilikuwa ya kupigwa mtaani kama za wengi humu. Ila kilichonichosha kabisa ni flashi za wateja. Kila flashi inakuja na kile kirusi cha shotikati, folda zote zinageuka vimshale, mteja analia kwamba mimi ndiye nimemfutia ripoti ya fildi. Nikasikia kwamba kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, hivyo vimshale havina nguvu, na mafaili yaliyofichwa na kirusi unayaona waziwazi. Ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Hilo siwezi kuliponda hata nikiwa na hasira.

Nikachagua aina ya Linux iitwayo Mint, ile nyepesi yenye sura ya Xfce. Ya bure, na toleo la 22 linahudumiwa mpaka mwaka 2029. Kuiweka mwenyewe niliogopa. Nikaipakata CPU kwenye daladala mpaka Kariakoo, kwa fundi ambaye amenipigia Windows mara tatu na sijawahi kupoteza hata herufi. Nikampa flashi yangu ya GB 16 aitengeneze ya kuwekea Linux, na sh. 30,000. Nikamwambia, tena mara mbili: "Vitu vyangu viko D." Akajibu, "Usijali dada'angu, D haiguswi."

Jioni nachukua mashine. Inawaka haraka, sura nzuri. Nikauliza, D iko wapi? Akacheka. "Dada, Linux haina D. Hayo mambo ya C na D ni ya Windows."

Hapa ndipo damu inaponichemka, kwa sababu alichosema NI KWELI. Linux haitumii herufi kuita sehemu za diski. Lakini haimaanishi kwamba sehemu zenyewe hazipo! D yangu ilitakiwa ionekane pale kushoto kwenye kidirisha cha mafaili, kwa jina lake au kwa ukubwa wake, naibofya inafunguka. Linux kwa kawaida inasoma diski za Windows. Huyu kijana alichukua ukweli mmoja mdogo akaufanya blanketi la kufunikia maiti. Akaongeza, "Zitajitokeza ukishaunganisha intaneti, zinahitaji kusasishwa kwanza." Na mimi, mwanamke mzima mwenye leseni ya biashara, nikaitikia.

Siku nne wakuu. Siku nne naifanyia kazi mashine, nashusha masasisho, nahifadhi kazi mpya, nangojea D ijitokeze.

Siku ya nne akaja kijana wa jirani anayesoma DIT, chuo cha teknolojia. Akafungua programu inayoonyesha migao ya diski. Kulikuwa na kipande kijiduchu cha kuwashia mashine, kilichobaki chote ni patisheni moja ya Linux toka mwanzo mpaka mwisho wa diski. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa upole, kama daktari: "Dada, nakala nyingine unayo?"

Alinieleza hivi. Ukipiga Windows kwa mtindo wa mafundi wetu, unaifomati C, D unairuka. Mkono umeshazoea. Ila kisakinishi cha Linux Mint kina chaguo la kufuta diski, na hapo diski ni kile chuma chote. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, na fundi kabomoa nyumba. Alitakiwa achague ama kuiweka kando ya Windows, ama lile chaguo la mwisho la kugawa kwa mkono, aelekeze Linux kwenye ile iliyokuwa C na kuiacha D ilivyo. Ni kusoma mistari miwili tu kwenye skrini. Hakuisoma.

Kilichoniumiza kuliko ufutaji wenyewe ni zile siku nne. Faili likifutwa kwenye diski ya kuzunguka linakuwa bado limelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kumbe kila sasisho nililoshusha, kila barua niliyohifadhi, huenda nilikuwa naikanyaga CV ya mtu. Angeniambia palepale Kariakoo "dada nimekosea, zima mashine", ningeokoa mengi zaidi. Kosa ningemsamehe. Uongo simsamehi.

Nikampigia. Jibu la kwanza: "Si wewe ulisema unataka kuondoa Windows yote?" Jibu la pili: nimpelekee mashine na sh. 50,000, atainstolia programu ya kurudisha mafaili. Ainstolie wapi? Kwenye diski hiyohiyo! Kijana wa DIT alishika kichwa.

Tulichofanya sisi: tulizima, tukaichomoa ile diski, tukanunua SSD ndogo, diski isiyozunguka, na kuweka Mint upya humo, safari hii mimi mwenyewe nikibofya na yeye akisimamia. Diski ya zamani tukaiunganisha kwa waya wa USB kama mgonjwa wa nje. TestDisk, programu ya kurudisha patisheni zilizopotea, ilijaribu kuitafuta ile ya zamani. Iliiona, ila orodha ya mafaili ilikuwa imeharibika. Tukashuka kwa PhotoRec, ya kuokoa mafaili. Zote mbili ni za bure. PhotoRec inachimba diski kipande kwa kipande, inachokitoa unakihifadhi kwenye diski NYINGINE. Iliwashwa saa mbili usiku, asubuhi bado inasaga, na mimi usiku kucha naomba umeme usikatike.

Yamerudi mafaili maelfu, lakini majina hayarudi. Yote yanaitwa f na msururu wa tarakimu, ndani ya folda zilizopewa namba. Nafungua moja moja: hii risala ya kipaimara, hii picha ya pasipoti ya mtu simjui, hii nusu ya mtihani wa hisabati darasa la sita. Katiba za vikoba nimepata mbili. Za viwanja bado natafuta. (Kama diski ingekuwa SSD, kijana anasema huenda tusingepata hata kimoja. Basi uzee wa mashine umenisaidia kwa hilo.)

Na ninyi wa "weka Linux, dakika ishirini umemaliza", nina neno na ninyi pia. Hakuna aliyeniambia kwamba inawashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ujaribu vifaa vyako kwanza. Kidubwasha changu cha Wi-Fi hakikutambulika. Ilibidi nichomeke simu kwa waya nishee intaneti ndipo nishushe draiva. Printa yangu ni zile zisizotunza akili yake ndani, kila ukiiwasha inasubiri kompyuta iipelekee programu yake, na hiyo haimo kwenye Mint, unaishusha pembeni. Siku nzima ya kazi ilikufa hapo. Yote yangeonekana kwa robo saa ya majaribio. Mnamwambia mtu "ni rahisi" bila kumuuliza mashine inafanya kazi gani!

Kwa sasa inafanya kazi vizuri, naungama. Nyaraka za Word zinafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kadi nilizotengeneza kwa Publisher ndizo zinafunguka zimevurugika. Windows sirudi.

Mteja wa leo asubuhi alikuja kuchukua hati ya kiwanja chake cha Chamazi, kuna mtu ameanza kuchimba msingi ndani ya mpaka. Alipoteza nakala yake, akajua mimi ninayo. Nimemwambia arudi Jumatatu. Nina mafaili mia nne sijayafungua.

Na wewe fundi, najua unapita humu. Ile flashi yangu ya GB 16 bado unayo.