"Shall" na "will" katika mkataba: niandike "atapeleka" au "sharti apeleke"?

Muulizaji, Kadutu (Bukavu)
Ninawasalimu nyote. Nimepewa mkataba wa saruji niutafsiri kutoka Kiingereza, na humo kila wajibu wa muuzaji umeandikwa kwa "shall". Shuleni tulifundishwa kwamba neno hilo huandamana na "I" na "we" tu, na nafsi nyingine huchukua "will". Niliandika "muuzaji atapeleka saruji", lakini aliyenipa kazi ameirudisha akisema nimeupunguzia mkataba nguvu. Kosa langu liko wapi?

Mwalimu wa Kiingereza, Ibanda
Ndugu yangu, ulifundishwa nusu ya kanuni. John Wallis, mwanahisabati Mwingereza, aliieleza mwaka 1653 katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini: katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu, na "will" huahidi au hutisha, katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, "will" ikatabiri na "shall" ikaahidi au ikatisha. Muuzaji ni nafsi ya tatu, kwa hiyo hata kwa kanuni hiyo ya zamani "shall" inamfunga.

Tazama pia asili ya maneno yenyewe. Katika Kiingereza cha kale "shall" lilikuwa neno la kuwiwa deni, na "will" lilikuwa neno la kutaka. Hata "-ta-" yetu imetokana na "-taka", na mzizi huo bado unasikika tunaposema "atakayekuja". Katika mazungumzo ya leo wengi hutumia "will" kwa nafsi zote, ingawa "shall" hudumu katika swali la kutaka kauli ya mwenzako: "Shall we go?" ni "Twende?", wala si "Tutakwenda?".

Mfasiri, Goma
Ninakubaliana na Mwalimu, ila usiweke "sharti" kila unapokutana na "shall". Muuzaji anaweza kuwiwa, kwa hiyo "sharti apeleke" ni sawa; lakini mkataba hauwiwi kitu, na pale unaposemwa kuanza siku ya kutiwa saini, "utaanza" inatosha. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 33, inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", na Kiingereza chake kina "shall": hapo hakuna anayeamriwa, bali cheo kinaanzishwa.

Muulizaji, Kadutu
Ninawashukuru sana, Mwalimu nawe dada. Nimeusoma upya, nikaona wajibu wa mnunuzi wa kulipa umeandikwa kwa "will". Nitafsirije?

Mfasiri, Goma
Usiliamue peke yako, kwa maana tofauti hiyo inaweza kuzua ubishi siku ya malipo, mmoja akidai kwamba yeye alitabiri tu. Waandikie wenye mkataba kabla ya saini, uwaombe watumie "must" kwa pande zote mbili, kama miongozo ya uandishi ya serikali ya Marekani inavyoshauri, kisha uandike "sharti alipe".