Bwana wa dirisha la mwisho AMEFUTIA UKWAJU BARUA YANGU YA KUHAMA KOZI!!!

Mwana_wa_Changamwe (mleta uzi)

Nyote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kama umewahi kusimama kwenye ile foleni ya ghorofa ya chini pale chuoni na faili mkononi, jasho linakutiririka mpaka linaingia kwenye soksi, basi yule bwana wa dirisha la mwisho unamjua, na kikombe chake unakijua, na ule mfyonzo anaokupigia kabla hajakujibu unaujua vilevile. Leo kavuka mpaka. Leo kafutia vidole barua yangu. BARUA YANGU. Vidole vimejaa ukwaju wa viazi karai!

Niacheni niseme kabla hasira haijanipasua. Mimi niliitwa chuo kusoma Ununuzi na Ugavi. Sikuutaka. Tangu nikiwa mdogo mimi ni mtu wa nyaya. Mtaani kwetu feni ikizima, redio ikikoroma, pasi ikipiga shoti, naitwa mimi. Nliomba uhandisi wa umeme kwa vyuo vya Nairobi, klasta zao, yaani alama za kuingilia kozi, zikanipita kidogo, nikateremka mpaka chaguo la mwisho. Haya. Kufika hapa nakuta uhandisi wa umeme unasomeshwa papa hapa Mombasa, na pointi zangu zinatosha na kubaki! Hisabati ninayo, fizikia ninayo, kemia ninayo. Kwa nini nisihame?

Basi nikafuata kila kitu kama kilivyobandikwa ubaoni. Barua ya maombi, nakala ya matokeo ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), barua ya kuitwa chuo, fomu. Sahihi ya mkuu wa idara anayeniachilia. Sahihi ya mkuu wa idara anayenipokea. Sahihi za wakuu wa vitivo vyote viwili. Hizo sahihi hamjui nlivyozipata, wallahi. Mmoja nlimvizia nje ya msikiti baada ya adhuhuri, yuavaa viatu nami nimeshamshikia kalamu. Mwingine gari lishawashwa, nikakimbia ubavuni mwa dirisha mpaka getini, akatia sahihi juu ya usukani.

Kilichobaki ni muhuri. Muhuri mmoja tu!

Nafika dirishani, bwana mkubwa yuala. Si neno, binadamu hula. Nikamwambia shikamoo, akaitikia kwa nyusi. Nikaweka karatasi zangu. Akaendelea kula, kiazi baada ya kiazi, anachovya, anatafuna, foleni nyuma yangu imefika mpaka Mwembe Tayari. Kiazi cha mwisho kilipoisha akainua barua yangu, nikajua sasa anaisoma. Hakuisoma! Akajifutia. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati. Kimoja kimoja, pole pole, huku ananitazama machoni. Kisha akanirudishia na kuniambia, "Kijana, rudi kwenye Ununuzi. Umeme utakuua."

Jamani. Mbele yake kulikuwa na gazeti! Lile lile alilofungiwa viazi! Gazeti zima, kubwa, limelala hapo halina kazi, naye akachagua barua yenye sahihi nne za watu wazima.

Sasa sahihi ya mkuu wa idara anayenipokea haionekani, imezama. Imebaki doa la kahawia na kipande cha pilipili. Mwenyewe mkuu wa idara kasafiri, warsha Nairobi. Mwisho wa kuhama ni Ijumaa. Darasa la uhandisi lishaanza, mimi naingia nakaa nyuma naandika, lakini jina langu halimo kwenye orodha, na bila jina hakuna alama za majaribio, na bila hizo mtihani wa mwisho hufanyi. Yote haya kwa sababu mtu alikuwa na vidole vya ukwaju.

Alinitazama machoni, jamani. Angalau angetazama pembeni.

KaimatiBaridi

Pole sana ndugu. Lakini hivyo viazi alinunua wapi? Kama ukwaju ni mzito wa kuzamisha sahihi, hapo kuna fundi wa mapishi na umetunyima habari.

Mwana_wa_Changamwe

Kaimati usinianze. Nasema maisha yangu, wewe waulizia viazi.

Bint_wa_Tudor

Huyo! Huyo huyo! Mimi nliomba kutoka Ualimu niende Uuguzi. Akaniambia faili lako limeenda juu. Nikapanda juu, wakaniambia halijafika, liko chini. Nikateremka, akapiga ule mfyonzo wake, akasema liko juu. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa Ualimu, faili bado liko kwenye ngazi. Wewe angalau barua yako umerudishiwa, tena ina kitoweo.

Mkali_wa_Klasta

Mleta uzi, tuseme ukweli. Uliidharau Mombasa. Ukajaza Nairobi, Nairobi, Nairobi, ukidhani huku kwetu hakuna uhandisi. Klasta si uganga, ni hesabu: alama za masomo manne ya kozi juu ya 48, mara alama za masomo saba juu ya 84, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 48. Ungekaa na kikokotoo dakika tano ungejua utaangukia wapi, na leo usingelia na pilipili.

Mwana_wa_Changamwe

Wewe Mkali hukufutiwa ukwaju. Siku ukifutiwa njoo na kipeuo chako cha pili hapa. Kuchagua chuo cha Nairobi si kosa la jinai. Na hata kama ningechagua chuo cha mwezini, barua ni barua! Ina jina langu! Kaanzia gumba, jamani, kaanzia gumba.

Mzee_wa_Makadara

Vijana wa siku hizi mna raha hamjui. Sisi tulimaliza KCSE tukakaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuitwa. Wakati huo bodi ya kuita watu vyuo vikuu ni JAB, hiyo KUCCPS yenu inayowapanga vyuoni sasa imekuja na sheria ya vyuo vikuu ya 2012. Barua yaja kwa sanduku la posta la shule au la mjomba. Ukiitwa Kilimo, wasoma Kilimo. Kuhama kozi nlikusikia kwa watoto wa wakubwa tu. Wewe waingia na faili, wapata sahihi nne, wafanya kiburi.

Bint_wa_Tudor

Shikamoo mzee. Lakini wewe alikufutia nani mkono?

Mzee_wa_Makadara

Marahaba mwanangu. Hakuna. Enzi hizo karani alikuwa na leso.

Fundi_Stima

Kaka Mwana, mimi nlihama, na nlihamia huko huko unakotaka. Sikiza. Usimngoje mkuu wa idara arudi, idara haifungwi, kuna anayekaimu. Nenda asubuhi kabla ya vipindi, chukua fomu mpya, anatia sahihi. Hiyo yenye doa ihifadhi, piga na picha. Halafu mambo mawili uyajue mapema: uhandisi ni miaka mitano, si minne kama Ununuzi, mwambie babako kabla hajahesabu. Na uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Ukisoma ambayo haijaidhinishwa utamaliza na shahada, lakini kujisajili kuwa mhandisi ni kazi ya kugonga milango. Hilo ni kubwa kuliko doa.

Mwana_wa_Changamwe

Asante kaka, nimelichukua. Lakini hakuna kubwa kuliko doa. Umeliona doa wewe? Mamangu kaliona, kaniuliza nimebebea barua samaki?

Mkali_wa_Klasta

Na asichanganye. Kuhama ndani ya chuo hicho hicho ni fomu na sahihi za chuo. Kuhama chuo kwenda chuo kingine ndiko kunakopitia tovuti ya KUCCPS, wakifungua muda wa maombi, unalipa na M-Pesa, na hapo klasta yako inapimwa na ya mwaka wako wa kuitwa. Wengi wanalipa bure kwa sababu hawajui tofauti.

Ugavi_Hoyee

Nimesoma uzi wote nimenyamaza, sasa nasema. Kwani Ununuzi umekuwa jela? Mimi ni mwaka wa tatu Ununuzi na sijawahi kutaka kuhama. Bandari ya Kilindini iko hapo, makontena yanashuka usiku na mchana, treni inabeba mzigo mpaka Nairobi, na kila kontena lina mtu wa ugavi aliyeliagiza na mwingine anayelifuata. Hizo nyaya zenu, wahandisi, nani anaziagiza? Mnadhani zinaota Miritini? Yule bwana sipendi vidole vyake, lakini alichokwambia ni haki. Rudi darasani kwetu.

Mwana_wa_Changamwe

Sikutukana Ununuzi. Someni! Nimesema sikuutaka, basi. Mtu haruhusiwi kutaka kitu kingine? Na wewe Ugavi ndiye wa kwanza dunia nzima kumtetea mtu anayejifutia sahihi ya mkuu wa idara. Ingekuwa barua yako ya mafunzo ya kazi bandarini ungepiga kamsa mpaka Fort Jesus.

Fundi_Stima

Ugavi, nyaya mnaagiza, lakini ndizo zile zinazoungua mwezi wa pili. Mnanunua rahisi, sisi tunapanda ngazi kuzibadilisha.

Ugavi_Hoyee

Kwa sababu wahandisi hamjui kuandika mahitaji! Mnaandika "waya, mwingi". Mwingi ni ngapi?

Mwana_wa_Changamwe

Jamani turudi kwenye dirisha. Mimi Ijumaa nina mwisho wangu.

Hela_Hazijaingia

Hakuna aliyemwambia jambo la pesa? Kwa huu mfumo wa ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vikuu ulioanza 2023, kila kozi ina gharama yake. Ukihama kozi ada nayo inahama, na uhandisi si bei ya Ununuzi. Uliza sehemu ya familia itakuwa ngapi kabla ya huo muhuri. Mimi sikuhama hata kozi, na pesa yangu ya mkopo mpaka leo inasema "inashughulikiwa". Inashughulikiwa na nani, miezi hii yote? Mwenye nyumba wangu Kisauni hajui neno hilo. Yeye anajua tarehe tano tu.

Bint_wa_Tudor

Dada, Kisauni walipa ngapi? Na maji yapo?

Hela_Hazijaingia

Maji ni ya mikokoteni. Mtungi kwa mtungi. Siku mwenye mkokoteni akiamka na mafua, mtaa mzima hauogi.

Nahodha_wa_Likoni

Umetaja mikokoteni umenitonesha. Nyinyi wa kisiwani na wa Kisauni hamjui taabu. Mimi nateremka kwenye feri kila alfajiri kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi. Feri ya miguu ni bure, sawa, lakini ule mteremko! Watu kwa maelfu, na katikati mikokoteni ya maembe inashuka bila breki, mwenyewe anapiga mluzi tu. Juzi mmoja kanipanda mguu. Gurudumu zima. Nikageuka nilalamike, akaniambia, "Si umesikia mluzi?" Mguu umevimba, kiatu hakiingii, nimefanya jaribio la takwimu na ndara.

KaimatiBaridi

Kakupanda mguu halafu akakulaumu! Hao wa feri wana jeuri hiyo hiyo na wa Kongowea. Pale sokoni nlimwagiwa gunia la nyanya, nikaambiwa nilipe nyanya.

Mwana_wa_Changamwe

Na mimi je? Ukwaju?

Mzee_wa_Makadara

Kijana, si umeshaambiwa chukua fomu mpya. Nahodha, huo mguu paka mafuta ya nazi ya moto na chumvi, usiende kwa hawa wa kufunga bandeji.

Ugavi_Hoyee

Mikokoteni ni sehemu ya ugavi pia. Bila wao maembe hayafiki sokoni Marikiti.

Nahodha_wa_Likoni

Wewe kila kitu ni ugavi! Mguu wangu nao ni ugavi?

Tuktuk_ya_Bamburi

Nahodha, huyo wa maembe ana kofia nyekundu na jino moja la mbele hana? Mkokoteni una tairi la pikipiki upande mmoja? Kama ndiye, niambie anateremka saa ngapi. Alinivunjia kioo cha tuktuk pale Buxton akaingia vichochoroni, namtafuta tangu Ramadhani.