Zombi, mifupa hai au ghuli: nani alinde kaburi?

MlinziWaDadu: Ndugu zangu, ninaandaa mchezo wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la tano kwa sheria za 2014, kwa wachezaji wanne wa ngazi ya kwanza watakaoingia katika kaburi la mfalme. Nimebakiwa na walinzi wa aina tatu: zombi wawili, mifupa hai miwili, au ghuli mmoja, yaani mfu mla maiti. Kwa hesabu ya kitabu, wawili wa aina zile za mwanzo ni pambano jepesi, na ghuli peke yake ni pambano la wastani. Mngemweka nani?

BintiWaPango: Zombi. Ukimsoma kitabuni ni dhaifu: kinga 8 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate), uhai 22, mwendo wa futi 20, ilhali binadamu huenda futi 30. Ubora wake umo katika kanuni moja: pigo likimaliza uhai wake, hurusha dadu ya ustahimilivu dhidi ya 5 pamoja na madhara ya pigo hilo, na akifaulu hubaki na uhai 1. Mezani kwangu zombi alikuwa na uhai 4, mchezaji akamshindilia shoka la madhara 9 na kuanza kufuta jina lake. Nilihitaji 14. Dadu ikatoa 12, nikaongeza 3 za ustahimilivu wake, zombi akanyanyuka, na kifutio kikabaki hewani.

MzeeKete: Mimi ningeweka mifupa, kwa kuwa ina pinde zinazofika futi 80 bila shida na humlazimu mchezaji kutafuta pa kujificha. Tena silaha butu huizidishia madhara mara mbili: rungu la madhara 7 huwa 14, na mfupa una uhai 13 tu. Anayeligundua hilo mwenyewe hatalisahau.

Kivuli: Ghuli mwacheni kwanza, hiyo «wastani» ya kitabu inadanganya. Kucha zake hupoozesha yeyote asiyefikisha 10 kwa dadu ya ustahimilivu, isipokuwa elfi na wafu wenzake, na kila pigo linalompata aliyepooza kwa karibu huwa pigo la kipeo, lenye dadu za madhara maradufu. Mhusika mwenye uhai 9 haoni zamu yake ya pili.

MlinziWaDadu: Ghuli ameondoka. Je, zombi nimwite msukule?

BintiWaPango: Inafaa kuliko unavyodhani, kwani msukule wa simulizi zetu hali watu bali humtumikia aliyemchukua, kama zombi wa Haiti kabla ya sinema kumgeuza. Mchezoni pia, anayefufuliwa kwa uganga wa ngazi ya tatu humtii bwana wake kwa saa 24 tu, mpaka uganga urudiwe.

MlinziWaDadu: Basi ni misukule wawili, na bwana wao amelala chumba cha pili, saa ya 23.

Kivuli: Saa zikiisha hawaanguki, mkuu. Wanaacha kumtii tu, na mlango wa chumba chake ndio ulio karibu nao.