Mnaomtaja Ayn Rand humu: mbebeni mzima au mwacheni kabisa

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha. Kila ukifunguliwa uzi wa kodi, wa bima ya afya kwa wote au wa mikopo ya wanafunzi wa vyuo, lazima atokee mtu na Ayn Rand wake, yule mwandishi wa Marekani mzaliwa wa Urusi aliyetetea ubepari. Maskini kajitakia, anaandika, na mwenye akili hadaiwi na mtu. Mtu huyo huyo Jumapili anatubandikia mahubiri ya mchungaji wake, katikati ya wiki anashangilia kijana kuwekwa ndani kwa maneno aliyoandika tu, na Ijumaa anatuelezea kabila fulani "ndivyo walivyo". Ukimbana anakujibu kwamba yeye anafuata falsafa ya akili, sisi wengine tunaendeshwa na hisia.

Hapana. Huwezi kuokota kipande kinachokufurahisha ukakiita falsafa. Na ninayesema haya si mtu wa kumchukia Rand. Nimemsoma, yapo mengi ninayokubaliana naye, na ndiyo maana hili linaniuma.

Uobjektivisti, yaani falsafa ya Rand kama alivyoijenga mwenyewe, hauanzii kwenye kodi. Unaanza hivi: ukweli upo, uupende usiupende. Njia pekee ya kuujua ni akili; ufunuo, mapokeo na hisia havitoshi. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kufikiri kwa niaba ya mwingine, kila mtu ni lengo kwa nafsi yake: asijitoe kafara kwa ajili ya wengine, na wala asiwatoe wengine kafara kwa ajili yake. Hiyo sehemu ya pili mnairuka kila siku. Hapo ndipo siasa yake inapozaliwa: hakuna mwenye ruhusa ya kuanza kutumia nguvu dhidi ya mwenzake, awe jambazi au waziri. Serikali ibaki na polisi, jeshi na mahakama basi. Soko huria linakuja mwisho kabisa, likiwa limebebwa na yote yaliyotangulia. Nyie mmeanzia mwisho na mkaishia hapo hapo.

Chukueni dini. Kwa Rand, kuamini bila ushahidi ni kuikana akili, na alilisema hilo hadharani katika Marekani ambayo mwanasiasa asiyeonekana kanisani hakuwa na kura. Aliwashambulia waliotaka kuusimamisha ubepari juu ya Biblia, akasema wanaudhuru. Mwaka 1976, Ronald Reagan alipowania kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais, Rand aliwasihi wasomaji wake wasimuunge mkono, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa msimamo wake dhidi ya haki ya mwanamke kutoa mimba. Reagan huyo mnayemweka naye fremu moja! Alipinga pia vijana kulazimishwa kwenda vitani Vietnam, kwa hoja ile ile kwamba maisha ya mtu si mali ya taifa. Unaweza kumkatalia katika yote hayo, ni haki yako. Ila usimkatalie kimya kimya halafu ukaendelea kuvaa jina lake.

Mfano mbaya kuliko wote ni Paul Ryan. Mwaka 2005 mjini Washington, kwenye hafla ya kuadhimisha miaka 100 tangu Rand azaliwe, mbunge huyu wa Wisconsin alisema Rand ndiye aliyemsukuma kuingia kwenye utumishi wa umma. Akapanda ngazi akiwa na bajeti za kupunguza msaada wa chakula na matibabu kwa maskini. Mwaka 2012 wasomi wa chuo kikuu cha Georgetown, ambacho ni cha Kikatoliki, wakamwandikia kwamba bajeti yake inafanana na Rand kuliko Injili. Siku hizo hizo akatangaza kwamba anaikataa falsafa ya Rand kwa kuwa haimtambui Mungu, na kwamba yeye ni mtu wa Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa Kikatoliki. Bajeti je? Ikabaki ile ile. Miezi michache baadaye akawa mgombea wa umakamu wa rais. Hivyo ndivyo Rand anavyotumika kwenye siasa, hadi leo: anaazimwa kwenye kukata bajeti, anarudishwa kabla ya ibada.

Wenye falsafa yao nao si salama. Watu wanaohubiri akili huru walikuwa wakitengana kama madhehebu. Nathaniel Branden, aliyekuwa mkono wa kulia wa Rand, alifukuzwa mwaka 1968 baada ya ugomvi wa mapenzi kati yake na Rand uliofichwa wafuasi, na wafuasi wakatakiwa kuchagua upande bila kuambiwa kisa. David Kelley akatengwa mwaka 1989 kwa kuhutubia walibertaria, watetezi wengine wa uhuru wa mtu na serikali ndogo, na kwa kusema falsafa hiyo bado ina nafasi ya kukua. Sasa kama akili ndiyo hakimu, anayeuliza swali anafukuzwa kwa kosa gani?

Alan Greenspan mnamjua. Alikuwa kwenye kundi la karibu la Rand tangu miaka ya 1950, na mwaka 1966 makala yake ya kutetea dhahabu iwe msingi wa fedha ilitoka ndani ya kitabu cha Rand. Kuanzia 1987 hadi 2006 akaongoza benki kuu ya Marekani, chombo cha serikali kinachopanga bei ya fedha, yaani kile kile alichokuwa amekipinga. Oktoba 2008, uchumi ukiwa unateketea, akaliambia Bunge kwamba ameona kasoro katika mtazamo wake: alitegemea mabenki yangelinda maslahi ya wanahisa wao wenyewe, na hayakufanya hivyo. Mabenki yalipewa uhuru wa kuvuna faida, hasara ilipokuja akalipa mlipakodi. Kwa kanuni ya Rand huo ni unyang'anyi, na bado kuna watu humu wanauita soko huria.

Kuna jambo moja nitamtetea. Wanaomcheka kwamba uzeeni alichukua pensheni ya serikali waache. Alikatwa fedha miaka yote, na alishaandika mapema kwamba anayepinga mfumo ana haki ya kurudishiwa alichochukuliwa kwa lazima. Hoja za kumpinga zipo nyingi, hiyo si mojawapo.

Nije sasa kwenye kilichonifanya nifungue uzi huu.

Machi 1974 Rand alialikwa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani. Baada ya hotuba aliulizwa kuhusu wenyeji asilia wa bara lile na ardhi yao. Akajibu kwamba hawakuwa na haki ya nchi kwa kuzaliwa humo tu, kwamba hawakuwa na dhana ya mali wala ya haki, waliishi kishenzi, na Mzungu aliyeleta ustaarabu alikuwa na haki ya kuitwaa ardhi. Alisema hivyo mwanamke ambaye Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, walilichukua duka la dawa la baba yake baada ya mapinduzi ya 1917. Mwanamke aliyeandika mwaka 1963 kwamba ubaguzi wa rangi ndiyo aina duni kuliko zote ya kumhukumu mtu kwa kundi lake. Mwaka 1963 mtu ni mtu, asihukumiwe kwa ukoo. Mwaka 1974 mamilioni ya watu ni furushi moja, halina majina, halina mashamba, halina haki.

Na wala hakuwa sahihi hata kwa historia ya nchi yake mpya. Wacheroki, mojawapo ya mataifa ya wenyeji hao asilia, walikuwa na maandishi ya lugha yao tangu miaka ya 1820, katiba iliyoandikwa mwaka 1827, gazeti mwaka 1828. Walikuwa na nyumba, mashamba, bustani za matunda, vivuko vya mto vya kulipia. Na ndiyo, baadhi yao walimiliki watumwa kama jirani zao Wazungu. Jimbo la Georgia likayagawa maeneo yao kwa raia Weupe kwa bahati nasibu mwaka 1832. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka huo huo kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacheroki. Haikusaidia kitu. Mwaka 1838 jeshi likawatoa majumbani kwa bunduki, na maelfu wakafa njiani kuelekea magharibi. Serikali inachukua nyumba ya mtu na kumpa mwingine kwa kuchezesha bahati nasibu! Kama hilo si kuanza kutumia nguvu, basi kanuni yenyewe haina maana yoyote.

Kinachonichoma ni kuona Waswahili wenzangu wakiyarudia maneno ya West Point humu, wakiyaleta hadi kwetu. Eti Mwafrika hakuwa na dhana ya mali, kwa hiyo mkoloni hakumnyang'anya mtu. Ndugu zangu, hiyo ndiyo hoja iliyoandikwa kwenye sheria zilizowavua babu zenu ardhi. Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliifanya ardhi ya wenyeji kuwa ya mfalme wa Uingereza. Tanganyika, sheria ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya Gavana. Mnaomlaani Nyerere kwa kutaifisha, aliyetaifisha ardhi kwanza si Nyerere. Nyerere alirithi sheria iliyokuwa tayari imempa mtawala kila kitu. Mngekuwa wafuasi wa kweli wa Rand, mngeanza kupiga kelele kutokea hapo.

Novemba 1951, Engare Nanyuki, Meru ya Arusha, Tanganyika. Serikali ya Waingereza ilipeleka askari kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 ili wapewe Wazungu wachache wa kufuga ng'ombe. Nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Watu wale hawakuwa wamemshambulia mtu. Walikuwa na mashamba, walikuwa na mazizi, kila mmoja anajua mpaka wake na wa jirani yake. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, akasimama mbele ya mataifa na kudai haki ya watu wake. Mnataka shujaa wa haki ya mali? Huyo hapo, anazungumza Kiswahili, na sijawahi kumwona hata mmoja wenu akimtaja.

Operesheni Vijiji mnaitaja kila uzi, na hapo mna haki. Mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa amri, mamilioni wakahamishwa, na kuna waliobomolewa na kuchomewa nyumba ili wasirudi. Ulikuwa uovu na sitautafutia kisingizio. Ila niambieni tofauti kati ya mgambo aliyechoma nyumba ya mkulima mwaka 1974 na askari aliyechoma nyumba ya Mmeru mwaka 1951. Mmoja alichoma kwa jina la ujamaa, mwingine kwa jina la ustaarabu. Mwenye nyumba alilala nje mara zote mbili. Nyie mnamlilia mmoja na kumwambia mwingine hakuwa na dhana ya mali.

Kwa hiyo nataka majibu, na nayataka kutoka kwa wale wale wanaojijua. Msiniletee picha ya Rand yenye maneno mawili juu yake, wala msiniite mkomunisti, sijatetea ukomunisti popote hapa. Shikeni kanuni yake aliyoiandika mwenyewe, kwamba anayeanza kutumia nguvu ndiye mkosaji, mnijibu: Engare Nanyuki mwaka 1951, nani alianza? Mkishajibu hilo, mtuambie kama bado mnasimama na yale aliyoyasema West Point.